Siku tano na begi mgongoni katika mlima Moroto: panga safari kwa maji

Jioni kabla ya safari yangu ya kwanza ya siku nyingi katika mlima Moroto, nilikaa na mzee mmoja wa Kitepeth, watu wa mlima huo, nje ya boma lake nikimwonyesha njia niliyoipanga: leo hapa, kesho kwenye tuta lile, keshokutwa kileleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kupitia kijana aliyekuwa akitutafsiria, "Mwanangu, kwenye tuta lile utakunywa nini?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niliipanga safari upya, na tangu hapo naanza na maji: nikishajua yako wapi, ndipo naamua nitalala wapi.

Watu wengi Uganda wakisikia neno mlima hufikiria Rwenzori na barafu yake, au Elgon na matope yake. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ni nchi nyingine. Moroto (mita 3,083), Kadam (mita 3,063) na Napak (mita 2,537) ni mabaki ya volkano za kale, kila mmoja umesimama peke yake katikati ya uwanda mkavu. Chini ni miiba, mchanga na mawe ya moto. Juu kuna msitu na baridi inayokufanya ulale na soksi. Mvua hunyesha, kwa kawaida kati ya Aprili na Septemba, lakini kuanzia Novemba hadi Machi mito mingi huwa mchanga mtupu. Ninayoandika hapa ni ya miezi hiyo ya kiangazi, kwa anayetoka mjini Moroto, akapanda mlima, akatembea siku nne au tano na kushukia upande wa Tapac.

1. Anza na wenyeji

Kabla hujanunua hata kiberiti, tafuta mtu wa mlima wa kwenda naye. Simaanishi kijana wa mjini anayejua njia ya siku moja. Namaanisha mtu aliyechunga huko juu, anayejua mwezi huu chemchemi ipi imekauka na ipi bado inatoa. Mpate kupitia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji utakachoanzia, ili kijiji kizima kijue nani kaondoka na nani. Mkubaliane malipo ya kila siku mapema, na chakula chake kiwe juu yako.

Mlima Moroto ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, kwa hiyo pita ofisini uulize utaratibu. Kisha pita polisi au kwa maofisa wa usalama wa wilaya, uwaambie unaelekea wapi na unarudi lini. Hili usilifanye kwa kutimiza wajibu tu. Wizi wa mifugo haujaisha Karamoja, na operesheni ya jeshi ya kukusanya bunduki ilianzishwa upya mwaka 2021. Kundi la watu wenye mabegi linaloonekana mlimani alfajiri bila taarifa linaweza kudhaniwa vibaya na wanajeshi, na vilevile na wachungaji. Wakikwambia upande fulani haufai wiki hii, badilisha njia.

Niseme neno moja kuhusu lugha yetu. Mimi nimekulia katika kambi ya askari, Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Lakini kwa familia nyingi za Karamoja, Kiswahili kiliingia bomani pamoja na askari waliokuja kupekua. Mgeni akitokea kichakani akaanza moja kwa moja na Kiswahili, watoto hukimbia. Anza na "Ejoka?" Utajibiwa "Ejok." Maji ni "ngakipi," asante ni "alakara." Baada ya hapo Kiswahili kitakusaidia sana, hasa kwa Wapokot na Waturkana, ambao wengi wao wanakijua.

2. Hesabu maji kabla ya kilomita

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hesabu hiyo haikwepeki. Kwenye joto la kiangazi, ukiwa na mzigo, panga lita 5 kwa mtu kwa siku: 4 za kunywa, nusu ya kupikia, nusu ya akiba isiyoguswa mpaka uone maji mengine kwa macho yako. Ukisema utatembea siku mbili bila kupita penye maji, umebeba kilo 10 za maji peke yake. Ndiyo maana siku nzuri ni ile inayoanzia kwenye maji na kuishia kwenye maji, hata kama kwa kilomita ni fupi. Zipo siku tulizotembea saa tatu tu, kwa sababu chemchemi iliyofuata ilikuwa mbali kuliko nguvu za mtu mmoja wetu.

Gawanya maji katika vyombo vitatu au vinne. Kiangazi kimoja mwenzangu alibeba yote katika jerikani moja ya lita 10. Kamba ikakatika kwenye mteremko, jerikani ikapasuka kwenye jiwe, na tukabaki na chupa moja kwa watu watatu saa nne asubuhi. Tulishuka hadi kwenye boma la karibu, na mama mmoja akatutolea kibuyu kilichojaa. Baadaye nilielewa kwamba maji yale aliyabeba kichwani kutoka bondeni, mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda tu. Tulimwachia sukari na chumvi, naye akafurahi, lakini mzigo ule ulikuwa wetu, si wake. Chupa za soda za lita moja na nusu ni imara, nyepesi na za bei ndogo. Beba hizo.

Maji utayapata sehemu nne. Ya kwanza ni chemchemi za mlimani, ndizo safi kuliko zote. Ya pili ni visima vya pampu karibu na vijiji. Hapo utakuta foleni ya jerikani za njano na akina mama waliofika kabla ya jua. Kaa mwisho wa foleni, piga pampu kwa ajili ya wengine wakati unasubiri, na kama kamati ya kisima inatoza kitu, lipa bila kubishana, maana fedha hiyo ndiyo inayonunua vipuri. Ya tatu ni mabwawa ya mifugo, kama Kobebe kaskazini mwa mji, ambako wakati wa kiangazi hata Waturkana kutoka Kenya huleta makundi yao. Maji ya bwawa yana tope na kinyesi, yawe chaguo la mwisho.

Ya nne ni mto wa mchanga. Mto unaonekana umekufa, lakini chini ya mchanga maji bado yapo. Usichimbe popote. Tafuta mahali wenyeji walipokwisha kuchimba, mara nyingi pamezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasibomoe. Omba ruhusa kwa aliyepo. Kama hakuna mtu, chota kidogo na urudishe miiba kama ulivyoikuta. Maji ya kwanza yenye tope yateke uyamwage pembeni, subiri shimo lijikusanye, kisha chota taratibu kwa kikombe bila kugusa kuta za mchanga. Na usioge wala kufua hapo. Shimo lile ni uhai wa mifugo na watoto, wewe ni mpita njia.

Yote, hata yanayong'aa, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha uyachemshe. Yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha chini kwenye uwanda. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu. Vidonge vya kusafishia maji vinaokoa kuni. Fuata maelezo ya pakiti, na kwa kawaida utasubiri nusu saa kabla ya kunywa.

3. Begi: vichache, na kila kimoja kina kazi

Bila maji, begi langu halizidi kilo 9. Ndani yake mna hema dogo au turubai na kamba, mkeka, blanketi zito, shuka moja ya Kikaramojong, sweta, kofia pana, shati la mikono mirefu, soksi jozi tatu, tochi ya kichwani, sufuria moja, kijiko, kisu, kiberiti kilichofungwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), na dawa. Shuka inafanya kazi kuliko kitu chochote: mchana ni kivuli, jioni ni joho, usiku ni shuka kweli. Blanketi usiliache kwa sababu Moroto mjini ni joto. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6, na upepo wa usiku juu ya mlima hauna huruma. Chandarua chepesi pia kibebe, kwa usiku wa uwandani. Malaria ni nyingi Karamoja.

Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvitembelea wiki kadhaa. Nimeona wachungaji wakipanda mawe yale kwa lugabire, ndala za matairi, wakiwa wametangulia mbali kuliko sisi, lakini nyayo zao zimezoea tangu utotoni. Lugabire nabeba kwa ajili ya jioni kambini, ili vidole vipumue.

4. Chakula kisichomaliza kuni wala maji

Acha maharage makavu nyumbani. Kadiri unavyopanda, maji yanatokota kabla hayajapata moto kamili. Kwenye mita 2,500 yanatokota kwenye nyuzi kama 92. Maharage yatakula kuni za jioni nzima na bado yatabaki magumu. Chakula cha mlima huu ni posho (ugali wa mahindi), mukene (dagaa) waliokaushwa, na odii.

Odii, ile siagi ya karanga na simsim ya watu wa kaskazini, ni rafiki mkubwa wa msafiri. Haihitaji moto, haiozi kwa joto la siku tano, na vijiko viwili vinakuvusha kutoka asubuhi hadi mchana. Nunua sokoni, ionje kwanza uhakikishe haijachacha, kisha iweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha.

Chapati za mjini ziliwe siku mbili za kwanza. Asubuhi pika uji wa mtama, koroga odii ndani. Mchana usipike kabisa: kula karanga, ndizi kavu au sukari guru. Jioni ndipo posho na mukene. Robo kilo ya unga kwa mtu inatosha, na usisahau chumvi, kwa sababu unaipoteza kwa jasho kutwa nzima. Kama mwenyeji wako ataonyesha mkwaju wenye matunda, ambao Wakaramojong huuita epeduru, chukua kidogo. Uloweke kwenye chupa, na maji yenye ladha ya moshi yatanyweka.

5. Siku yenyewe

Amka saa kumi na moja alfajiri, bado giza. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kila siku bila kusahau, maana nge hupenda joto la kiatu. Kunywa nusu lita kabla hujafanya kitu kingine. Maji yaliyo tumboni hayavuji wala hayapasuki. Uji, kunja hema, na mwanga wa kwanza ukutane nanyi njiani. Saa hizi ndizo zenye thamani kuliko zote. Hewa ni baridi, mawe hayajashika moto, na uwanda wote chini una rangi ya majivu. Ng'ombe wanasikika kutoka maboma ya mbali, kengele zao zinapanda mpaka ulipo. Mimi hutembea masaa haya bila kuzungumza.

Tembea hadi saa nne, au saa tano kama kuna mawingu. Kunywa mafunda machache kila robo saa badala ya kusubiri kiu. Jua likianza kukuchoma mabegani kupitia shati, tafuta kivuli hata kama mguu bado una nguvu. Mkwaju ni bora, majani yake yamebanana. Mgunga una kivuli chembamba, na chini yake miiba imetapakaa, na kama mifugo hulala hapo kuna kupe. Kabla ya kukaa, piga piga nyasi na mawe kwa fimbo. Bafe ni nyoka mzito asiyekimbia akisikia hatua, analala tu palepale, na wengi huumwa kwa kumkanyaga.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri, usiende popote. Wageni wengi huona saa hizi nne kama muda uliopotea, nami nilikuwa hivyo. Sasa naziona ndiyo kazi yenyewe ya mchana: kuvua viatu, kuanika soksi, kukagua nyayo, kushona kilichokatika, kulala. Mwenyeji wako akisinzia, sinzia. Akisimulia, sikiliza, hapo ndipo utajua bonde lile linaitwaje na kwa nini hakuna boma lililojengwa ng'ambo ile.

Saa tisa na nusu endelea tena, na ifikapo saa kumi na moja na nusu uwe umechagua pa kulala. Nchi yetu iko karibu na ikweta, jua likizama giza halisubiri, una dakika kama ishirini tu za kuona. Chagua ardhi iliyoinuka kidogo, mbali na miti mikavu. Usilale ndani ya mto wa mchanga hata kama mchanga ni laini na anga ni jeupe. Mvua ikinyesha juu ya mlima usikokuona, maji hushuka bila kukupigia hodi. Usilale karibu na kisima pia, wanyama na mifugo wanahitaji kufika usiku. Kama kuna boma karibu, nenda ukasalimie kabla ya kuwasha moto, ili moshi wako usiwe kitendawili kwao.

Moto uwe mdogo, mawe matatu, na fyeka nyasi hatua mbili kila upande. Nyasi za Januari zinashika kwa cheche moja, na malisho yakiungua watu hawana pa kupeleka ng'ombe hadi mvua. Kuni uokote zilizoanguka. Usichome mnyaa na jamii yake, ile mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu unaunguza macho, na moshi wake hivyo hivyo. Kuzima moto usipoteze maji: tawanya makaa, changanya na mchanga, koroga tena na tena mpaka uweze kuweka mgongo wa mkono juu yake.

Choo: hatua mia moja kutoka kwenye maji yoyote na kutoka kwenye mto mkavu pia, shimo la kina cha shibiri, kisha fukia. Taka zote zinarudi mjini na wewe. Mbuzi hula makaveera na hufa.

6. Miguu

Kucha zikatwe siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Ukihisi joto mahali fulani unyayoni, simama hapo hapo, hata kama wenzako wanakutangulia. Bandika plasta kabla halijawa lengelenge. Likishajaa maji na linauma, litoboe pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, kamua, acha ngozi ibaki juu, funika. Mwiba uliovunjikia ndani utolewe jioni ile ile. Na kama hukumbuki mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda, pita kituo cha afya kabla ya kuondoka.

7. Dalili za kusimamisha safari

Angalia mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokolea, mwili unadai maji. Kichwa kikigonga, misuli ikikaza, kichefuchefu kikija, kaa kivulini na unywe maji yenye chumvi na sukari. Pakiti za ORS, zile za chumvi na sukari wanazopewa wanaoharisha, zinafaa kabisa. Usipokuwa nazo, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kila kijiko kikisawazishwa juu.

Mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba kama mlevi, au ngozi ikawaka moto, hilo si uchovu. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe kwa maji mliyonayo, hata yale ya akiba, na mpepee bila kukoma. Asiyejitambua asinyweshwe. Mtu mmoja akimbilie palipo na mtandao kupiga 999 au 112. Kwenye mabonde simu haishiki, kwa hiyo kila mnapopita tuta penye mtandao, mwenyeji apakumbuke. Mwenzenu akirejea hali yake, safari imeishia hapo. Mnashuka naye jioni, polepole.

8. Siku ya kushuka

Asubuhi ya mwisho watu hunywa hovyo na kumwaga kilichobaki ili begi liwe jepesi. Usifanye hivyo. Mteremko wa kuelekea Tapac ni mkavu, na magoti yamechoka, hivyo mwendo huwa mrefu kuliko ulivyohesabu. Fupisha hatua, tumia fimbo, na ile nusu lita ya akiba ibaki imefungwa mpaka uone kisima.

Ukifika, nenda kwanza kwa mwenyekiti umwambie mmerudi salama wote, kisha piga simu kwa uliowaaga Moroto. Mlipe mwenyeji wako mbele ya mtu mmoja wa kijiji, kamili. Sukari, chumvi na unga uliobaki uache bomani kwake. Halafu muulize chemchemi zipi mlizopita zilikuwa zinapungua, na uandike majina yake na tarehe, maana atakayepanda mwezi ujao atakuuliza.